Kuizunguka Mbeya Barabara kwa Barabara: Mwongozo Kamili wa Vivutio Ambavyo Wengi Huvipita

Abiria wengi wa mabasi ya Tunduma wanaijua Mbeya kwa vitu viwili: baridi ya alfajiri na foleni ya malori. Wanashuka kunyoosha miguu, wanakunywa chai, wanapanda tena. Wenye shughuli mjini hufika Mwanjelwa au Soko Matola, wakabeba mchele na viazi, wakageuza. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mwendo wa saa moja au mbili kutoka pale alipokunywa chai kuna ziwa lililokaa ndani ya kreta, daraja lililotengenezwa na volkano na pande la chuma lililoanguka kutoka angani, anakutazama kama unayemuuzia kiwanja hewa.

Walio na nia ya kutembea nao wana kosa lao. Huandika majina ya vivutio kumi kwenye simu, wakachukua chumba Mbeya mjini, wakataka kuvimaliza vyote kwa siku mbili. Haiwezekani. Mji huu umekaa njia panda: barabara moja inashuka kusini kwenda Tukuyu na Kyela, ya pili inakwenda magharibi Mbozi na Tunduma, ya tatu inapanda kaskazini hadi Chunya, na ya nne ni ile uliyojia kutoka Dar, ya mashariki kupitia Chimala na Igawa. Kivutio cha barabara hii hakina njia ya mkato kwenda cha barabara ile; isipokuwa Kitulo, kila mara unarudi mjini kwanza. Kwa hiyo chagua barabara, kisha uone imebeba nini. Siku moja, barabara moja. Ya Tukuyu ipe siku tatu.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Mvua za Mbeya huanza Novemba na kwa kawaida hukatika Mei. Tukuyu haifuati kalenda hiyo kwa utii. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukienda Aprili unaweza kumaliza siku nzima bila kuuona Mlima Rungwe ambao uko mbele ya dirisha lako. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kukavu. Njia za msituni zinapitika, bodaboda hazikatai safari, na asubuhi anga huwa safi.

Lakini Juni na Julai ni baridi ya kweli. Uyole kuna asubuhi majani ya viazi yanaamka na sakitu, na Kitulo, ile hifadhi ya maua iliyo juu milimani, ndiyo usiseme. Mtu anayetoka Dar na kijisweta cha ofisini ataumia. Beba koti zito, soksi za sufu, na kofia ya kufunika masikio.

Kitulo ndiyo inayowachanganya watu. Maua yake huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati uleule barabara zake zinapokuwa tope. Huwezi kupata vyote. Ukitaka maua, nenda Februari kwa gari linalopanda mlima, na ukubali kuchafuka. Ukitaka milima, kreta na ziwa, nenda mwishoni mwa Mei au Juni, wakati mvua imekwisha na nchi bado ya kijani. Mimi nikilazimishwa kuchagua mara moja tu, nachagua Juni.

Tahadhari ya pesa: mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale. Vyumba hujaa, bei hupanda, na bajaji za upande wa Uyole huwa adimu. Kama hujaja kwa ajili ya maonyesho, kwepa wiki hiyo.

Hatua ya pili: usafiri, malazi na karatasi

Huna gari? Bado unaweza. Haisi na Coaster za Tukuyu na Kyela zinapatikana stendi ya Nane Nane, upande wa Uyole, na hutoka moja baada ya nyingine kuanzia alfajiri. Za Chunya na za Tunduma zina vituo vyake. Muulize mwenyeji wa pale ulipolala kuliko kumuuliza mpiga debe, kwa sababu mpiga debe atakwambia gari lake ndilo linalokwenda huko.

Barabara kuu zote nne ni za lami. Kinachobaki ni kile kipande cha kutoka lami hadi kwenye kivutio, na hapo bodaboda ndiye mwenyeji wako. Kanuni ni moja: patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, ulipe nusu tu mwanzoni. Ukilipa yote, utarudi kwa miguu. Na usipande bodaboda asiye na kofia ya abiria kwa hoja kwamba "ni hapa tu". Hapa tu ya Rungwe ina miteremko.

Kwenye hifadhi za taifa, hifadhi za misitu na maeneo ya kale, malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Usitegemee kutoa noti getini. Jaza salio la simu mjini, kwa sababu mawakala wa vijijini huishiwa. Beba kitambulisho cha taifa. Tofauti ya kiingilio kati ya raia na mgeni ni kubwa mno kusahau kipande hicho nyumbani. Vivutio vinavyosimamiwa na halmashauri au kijiji vina ada ndogo. Lipa, udai risiti.

Kuhusu malazi, lala Mbeya mjini kwa safari za Chunya na Mbozi tu. Kwa barabara ya kusini hamia Tukuyu. Hapo peke yake unaokoa saa mbili kila siku, na Tukuyu usiku ina utulivu ambao Mafiati ya Mbeya mjini haijawahi kuusikia.

Barabara ya kusini: Uyole hadi Tukuyu

Hii ndiyo tajiri kuliko zote, na nitakaa hapa.

Ukitoka Uyole unapita Igawilo, unapanda hadi Isyonje penye magunia ya viazi kando ya barabara, na safu ya milima ya Uporoto inakuzunguka. Hapo uko karibu na Ziwa Ngosi. Waambie wakushushe Mchangani au Isongole, nao watajua wewe ni mgeni wa ziwa. Chukua mwongozaji palepale. Njia ipo, lakini msituni inagawanyika, na ukungu ukishuka hata mzaliwa hupotea.

Bodaboda hukusogeza hadi ukingo wa msitu, kilomita kadhaa kutoka lami. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu, saa moja hadi mbili kulingana na mapafu yako. Mwanzo ni mwepesi, katikati ya migomba ya mwitu na mianzi. Sehemu ya mwisho ndiyo inayopima watu: mwinuko mkali wenye mizizi, utelezi hata kama mvua haikunyesha usiku ule, na mikono inafanya kazi kama miguu. Viatu vya raba vilivyolika havifai.

Halafu msitu unafunguka na unasimama kwenye mdomo wa kreta. Ziwa liko chini sana, kwenye kuta zilizofunikwa miti, na rangi yake haitulii: kijani, kisha buluu ya maziwa, kisha kijivu, kadiri wingu linavyopita. Ngosi hutajwa kuwa ziwa la pili kwa ukubwa Afrika miongoni mwa maziwa ya kreta. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina kinachozidi mita 70, na hakuna mto unaoonekana kutoka humo. Chini yake bado kuna joto. Ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wameupima mlima huu kwa miaka wakitafuta mvuke wa kuzalisha umeme.

Wazee wa huko wana masimulizi mengi juu ya maji hayo na nguvu zake. Mwongozaji akikwambia usitupe mawe wala usipige kelele, fanya hivyo bila mjadala. Na kuteremka hadi majini? Inawezekana, ila ni kazi ya nusu siku nyingine na kurudi juu ni adhabu. Kwa mtu wa kawaida, mdomo wa kreta unatosha.

Saa ni jambo la msingi hapa. Kufika saa tatu asubuhi ni kuona ziwa. Kufika saa saba mchana mara nyingi ni kuona ukuta mweupe. Wanaorudi wakisema Ngosi haina kitu waliamka saa mbili.

Ukishuka, endelea hadi Kiwira. Soko la Kiwira lenyewe linastahili nusu saa: ndizi za kila aina, maparachichi, tangawizi, na akina mama wanaojua kupanga bei kwa kumtazama mteja viatu. Kutoka hapo kuna njia inayoingia upande wa magharibi kwenda Daraja la Mungu. Ni mwamba uliounganisha kingo mbili za Mto Kiwira, mto ukipita chini yake. Lava iliganda juu, maji yakala sehemu laini ya chini, na kilichobaki ni daraja ambalo mtu anaweza kulivuka kwa miguu. Litazame kutoka kando, si kutoka juu yake tu; ukilisimamia huoni kitu zaidi ya udongo na majani.

Mbele kidogo kuna Kijungu, mahali ambapo mto huohuo unaingia kwenye shimo la mwamba na kuzunguka kwa nguvu kama uji unaochemka, kisha unatokea upande wa pili. Kijungu kiko kwenye eneo la Magereza. Jitambulishe getini, omba ruhusa ya kupiga picha, na usielekeze kamera kwenye majengo wala askari. Wakikuruhusu watakuonyesha vizuri. Usisogelee ukingo: mwamba una ukoga wenye maji, na hicho chungu hakirudishi mtu.

Kutoka hapo endelea hadi Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na boma lao bado ni sehemu ya majengo ya serikali. Shuka kwenye gari ukimsalimu mzee kwa Kinyakyusa, "ugonile", mshukuru kwa "ndaga fijo", na utapata maelekezo ambayo ramani ya simu haina.

Siku ya pili ya Tukuyu

Hapa chagua kati ya mlima na maji.

Mlima ni Rungwe, mita 2,960, volkano iliyotulia. Ni safari ya siku nzima, ngumu, ya kuanza kabla jua halijachomoza, na lazima uwe na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu pamoja na mwongozaji, maana msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukianzia upande wa misheni ya Rungwe utapita kituo cha Wamoraviani kilichoanzishwa mwaka 1891. Ndani ya msitu huu anaishi kipunji, nyani adimu wa juu ya miti. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani. Wanasayansi walimwona hapa mwaka 2003 na kumtangaza 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya nyani tangu 1923. Usiahidi watoto kwamba watamwona. Ni mnyama mwenye aibu, anakaa juu ya miti, na mara nyingi utasikia mlio wake tu.

Kama magoti hayataki, nenda majini. Kutoka Tukuyu kuna barabara inayoteremka kuelekea Ipinda, na kilomita kama 15 hivi utafika Masoko. Kuna ziwa dogo la kreta, mviringo, linaloitwa pia Kisiba, na juu yake boma la mawe la Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na kambi hapa, na tangu hapo watu wanasimulia kwamba walipokimbia walitumbukiza fedha na silaha ziwani. Vijana wa hapo huweza kukuonyesha rupia za zamani wakisema zimetoka majini. Nyingine pengine ni kweli. Kama hujui kutambua sarafu, nunua hadithi, uiache sarafu.

Maporomoko ya Kaporogwe yako upande mwingine: rudi barabara ya Kyela hadi Ushirika, kisha ingia kwa bodaboda. Uzuri wake ni pango lililo nyuma ya maji. Unaweza kusimama ndani, maporomoko yakishuka mbele yako kama pazia, ukatazama bonde kwa kupitia humo. Njia ya kushukia inateleza. Kiangazi maji hupungua lakini pango linafikika kwa urahisi. Masika ni kinyume chake.

Mashamba ya chai ya Katumba huhitaji kuyatafuta, yatakutafuta yenyewe kando ya barabara. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha wachumaji, wako kazini. Na ukitazama kusini mashariki mwa Rungwe utaona Kiejo, volkano iliyotoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Kwa hesabu ya milima, hiyo ni jana.

Siku ya tatu: shuka hadi Matema

Kutoka Tukuyu hadi Ziwa Nyasa unashuka zaidi ya mita elfu moja, na utavua koti njiani. Njia ya kawaida ni kupitia Kyela mjini hadi Ipinda na kisha Matema. Ile ya Masoko ni fupi kwenye ramani ila uliza hali yake kwanza, hasa masika. Matema ni ufukwe wa mchanga uliobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, ambayo inatumbukia ziwani moja kwa moja. Ziwa lenyewe lina kina cha takriban mita 700 sehemu yake ya chini kabisa, na maji yake ni matamu, hayana chumvi. Kuna nyumba za wageni za kanisa na za watu binafsi palepale ufukweni.

Fanya hivi. Fika Ijumaa jioni. Kula mbasa kwa wali wa Kyela, na ukipewa wali usionukia ujue umeletewa mchele wa kwingine. Jumamosi asubuhi nenda Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kando ya ziwa, siku ya soko la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilicho kwenye ncha ya nchi kavu chini ya mlima, na huletwa kwa mitumbwi. Ukitaka kuwaona wakifinyanga, kodi mtumbwi uende Ikombe kwenyewe, ukanunue mkononi mwa mfinyanzi. Beba nguo nyingi za kufungia. Chungu kilichopona Lyulilo huweza kufia Kitonga, ule mteremko wa njia ya Dar.

Mambo ya usalama huku si mengi ila ni ya lazima. Uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, malaria ipo, lala ndani ya chandarua. Usiogelee karibu na midomo ya mito, kuna mamba. Uliza wavuvi wapi watoto wao wanaoga. Na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa ghafla, hasa mchana. Mvuvi akisema leo hatuendi, hamwendi.

Barabara ya magharibi: Mbozi na kimondo

Safari ya nusu siku, rahisi kuliko zote. Toka Mbeya kuelekea Tunduma, pita Mbalizi na Mlowo, na kabla ya Vwawa kuna kibao cha kuingia kushoto kwenda kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima. Siku hizi ni Mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016, lakini watu wa Mbeya bado wanakiita kimondo chetu.

Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, likipimwa kwa makadirio ya tani 12 hadi 16. Takriban asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Kiliingia kwenye maandishi ya wataalamu mwaka 1930, ingawa Wanyiha waliishi nacho muda wote huo. Mwanzoni sehemu ya juu tu ndiyo ilikuwa nje. Udongo wa pembeni ukachimbwa, likaachwa limesimama juu ya nguzo yake. Tafuta makovu ambapo watu walijaribu kukata vipande kwa msumeno: wamehangaika saa nyingi kupata kipande kidogo. Ukikigusa asubuhi ni baridi kupita jiwe lolote. Kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kuna watu wa kukueleza, kwa hiyo uliza maswali badala ya kupiga picha na kuondoka.

Ukirudi, kama bado una mwanga, uliza Mbalizi njia ya Songwe kwenye chemchemi za maji moto na mapango ya popo, maeneo ya kiwanda cha saruji. Pango lina giza na harufu kali. Beba tochi na barakoa, usiingie bila mwenyeji, wala usiwasumbue popo.

Barabara ya kaskazini: Kawetire, Kilele cha Mbeya na Chunya

Barabara ya Chunya inaanza kupanda ukiwa bado unaona mapaa ya mji. Unapita msitu wa kupandwa wa Kawetire, baridi inarudi, kisha upande wa kulia nchi inakatika na unaliona Bonde la Usangu lote liko chini, tambarare hadi macho yanapochoka. Simamisha gari palipo na nafasi ya kuegesha, si kwenye kona. Asubuhi ni nzuri zaidi; kuanzia mchana vumbi la bonde hulifuta.

Kilele cha Mbeya, kinachozidi mita 2,800, kina njia mbili: ya kutoka upande wa Mbalizi na Lunji, fupi lakini kali, na ya kutoka barabara hii ya Chunya ikifuata mgongo wa milima, ndefu lakini ya raha. Nenda na ya mgongo, rudi na hiyohiyo. Loleza, ule mlima wa minara unaouona ukiwa mjini, ni wa karibu zaidi, ila kileleni kuna mitambo ya mawasiliano na hutaruhusiwa kuizunguka. Kwa vyote viwili usiende peke yako, na acha simu ya bei mbaya hotelini.

Chunya yenyewe ni kwa wapenda historia. Dhahabu ya Lupa ya miaka ya 1920 na 1930 ndiyo iliyoifanya Mbeya iwe mji. Watu walikuja huku kwa maelfu, kisha baada ya vita wengi wakaondoka. Wachimbaji wadogo hawakuondoka. Tangu 2019 kuna soko la madini mjini, na ukiomba kwa adabu unaweza kuona mawe yanavyosagwa na dhahabu inavyooshwa. Zebaki bado inatumika sehemu nyingine, kwa hiyo usishike kitu wala usiruhusu watoto kuchezea tope. Na usinunue dhahabu kwa mtu wa kichochoroni.

Barabara ya mashariki: kona 57 hadi Kitulo

Chimala, kilomita kama 80 kutoka Mbeya, kuna barabara inayopinda kuingia ukuta wa mlima. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Inakupandisha hadi Matamba, kwa Wawanji, na juu yake kuna Hifadhi ya Taifa Kitulo. Kama dereva wako hajawahi, msitumie njia hiyo mvua ikinyesha. Tumieni ile ya Isyonje kupitia Kikondo, inayoachana na barabara ya Tukuyu.

Kitulo ilitangazwa hifadhi mwaka 2005, kilomita za mraba zaidi ya 400, kwenye uwanda wa mita 2,600. Hakuna simba. Kuna maua: aina zipatazo 350 za mimea, na okidi peke yake 45. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kabla ya hapo ilikuwa malisho ya kondoo, na shamba la ng'ombe wa maziwa bado lipo jirani. Kilichosukuma kulindwa kwake ni pamoja na chikanda, viazi vya okidi ambavyo vilichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kuliwa.

Namna ya kuitembea: lala Matamba, ingia getini saa mbili, acha gari, utembee. Ukiwa ndani ya gari unaona majani tu. Maua mengi ni madogo, ya kupigiwa magoti, na askari wa hifadhi anayeyajua anafaa kuliko kitabu. Tazama pia juu, mbayuwayu wa buluu huja kuzaa huku wakati wa mvua. Ifikapo saa nane wingu hujifunga, anzeni kurudi.

Ukirudi Dar: simama Iringa usiku mmoja

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni kilomita 330 hivi. Kilomita 20 kabla ya mji, upande wa ndani kidogo, kuna Isimila. Mwaka 1951 zana za mawe ziligunduliwa kwenye korongo, na mwaka 1957 na 1958 zikachimbwa na mtafiti Clark Howell. Mashoka ya mkononi bado yametapakaa. Usiweke hata moja mfukoni. Baada ya hapo teremka kwenye nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua, jua la saa kumi jioni likizipiga pembeni. Machweo yapandie Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji, na usiku uliza ulanzi, pombe ya mianzi, kama ni msimu wake. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu. Wa jioni huleta ugomvi.

Kesho yake anza na makumbusho ya Iringa Boma, yaliyofunguliwa 2016 kwenye jengo la Wajerumani mjini. Ndipo uende Kalenga, kilomita kama 15 kwa njia ya Ruaha. Salimia kwa Kihehe, "kamwene". Hii ndiyo ngome ya Mkwawa iliyoangushwa Oktoba 1894, na ndani ya makumbusho kuna fuvu lake. Alijiua Julai 1898 akikataa kukamatwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini kilifika mwaka 1954 tu, kikikabidhiwa na Gavana Twining. Mwili ulizikwa Mlambalasi, mbali zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Ukiwa na gari na saa tatu za ziada, nenda. Pango lake ni makazi ya watu wa kale pia.

Ukishika barabara ya Morogoro utapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiteketeza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Mnara wa Wajerumani upo karibu na barabara, na watu wa kijijini watakuonyesha. Dakika 20 zinatosha. Usizidishe, maana Ilula utataka nyanya na vitunguu, na Kitonga inashukwa kabla giza halijaingia: gia nzito tangu juu, umbali wa kutosha nyuma ya lori, na breki za kugusa tu.